Uzi: Kuzuia mimba kwa kufuata siku na ute wa ukeni, bila vidonge. Tupeane uzoefu, watu wanakosea wapi?

Mkunga_Pwani: Wakuu, leo tena nimekuta binti anaelekezwa kwamba siku ya hatari ni ya 14, basi. Inaniuma, maana mimba nyingi za "nilihesabu vizuri" zinaanzia hapo. Yai hutoka takriban siku 14 KABLA ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 ndiye anayeangukia ya 14. Wa 24 ni kama ya 10, wa 35 kama ya 21. Na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai hadi siku 5, zikilisubiri yai ambalo lenyewe huishi saa 12 hadi 24. Mnaofundisha njia hizi, mwageni mnayoyaona.

Dada_Hesabu: Kosa la kwanza ni kuanza kuhesabu damu ikikata. Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka sawasawa; matone ya jana yake hayamo. Andika mizunguko 6 kwanza, na humo kondomu zitumike. Kisha chukua mzunguko mfupi kuliko yote utoe 18, mrefu kuliko yote utoe 11. Mfupi 26, mrefu 31: hatari ni siku ya 8 mpaka ya 20. Siku 13 hizo, msitafute upenyo.

Mzee_Kijani: Naunga mkono. Upenyo ndio huleta mtoto.

Nesi_Kliniki: Mimi naomba tuangalie wanaonyonyesha, huko ndiko kuna kilio. Mama ana mtoto wa miezi 7, hajaona hedhi tangu ajifungue, anajiona yuko salama. Anakuja kliniki akidhani ana minyoo, kipimo kinaonyesha mimba. Nyumbani wanaanza kusema mtoto amebemendwa, ndoa inatikisika. Jamani, yai hutangulia hedhi! Linaweza kutoka kabla damu ya kwanza haijaonekana.

Baba_Wawili: Kwa hiyo kunyonyesha si njia? Tuliambiwa ni njia.

Nesi_Kliniki: Ni njia, kaka, ila ina masharti matatu na yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, mchana na usiku, kati ya kunyonya na kunyonya yasipite masaa 4 mchana wala masaa 6 usiku. Yakitimia, wanaopata mimba hawafiki 2 kwa 100. Uji ukianza, sharti limevunjika.

Dada_Hesabu: Mie bado nasema mama huyo apewe njia nyingine mapema, asisubiri sharti livunjike.

Mkunga_Pwani: Hapo hatugombani, dada. Turudi kwenye ute.

Mwalimu_Ute: Ahsante. Angalia kila unapokwenda haja, futa kwa tishu kabla ya kukojoa. Uchukue kati ya kidole gumba na cha shahada, uviachanishe taratibu. Ukikatika, unanata, mweupe mzito, bado hujafika kileleni, lakini hiyo nayo ni hatari. Ukivutika bila kukatika, unang'aa kama ute wa yai bichi, na huku chini unahisi utelezi, yai liko karibu. Siku ya MWISHO ya utelezi ndiyo kilele. Hesabu siku 3 kamili baada yake, ya 4 mko huru. Siku kavu za mwanzo, tendo liwe jioni na kwa kuruka siku, kwa sababu shahawa za jana huchanganya macho. Fangasi, au kuosha ndani kwa sabuni, huharibu usomaji wote.

Kipimajoto: Ute peke yake hautoshi. Pima joto kabla hujanyanyuka kitandani, saa ileile, baada ya kulala angalau saa 3, kwa kipimo chenye desimali mbili. Likipanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu asubuhi 3 mfululizo kuliko 6 zilizopita, yai limeshapita.

Nesi_Kliniki: Na malaria? Na wa zamu ya usiku? Mimi joto siwafundishi hao kabisa.

Kipimajoto: Siku ya homa haihesabiki, unaiwekea alama na kusubiri. Lakini nakubali, kwa wa zamu ni mateso.

Baba_Wawili: Na zile shanga za kuhesabia siku?

Mkunga_Pwani: Shanga 32, kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Pete ya mpira inawekwa kwenye nyekundu siku ya 1, inasogezwa moja kila siku. Nyeupe 12, yaani siku ya 8 hadi ya 19, ni hatari. Zikifuatwa barabara, wanawake 5 kwa 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa matumizi ya kawaida ni 12. Mzunguko ukitoka nje ya 26 hadi 32 mara mbili kwa mwaka, acha. Aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango au aliyemeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) mwezi huu asianze nazo sasa. VVU hazizuii.

Mwalimu_Ute: Na zitundikwe pale mwanaume anapoziona pia, asogeze pete mwenyewe asubuhi.