Nimeanguka mtihani wa mkanda mara mbili: niendelee na karate au niiweke kando?

Mvuvi wa Kibirizi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina umri wa miaka 26, ninavua dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa kujifunza karate ya mtindo wa Shotokan. Mtihani wa mkanda unaofuata nimeufanya mara mbili, na mara zote nimeangukia kwenye kata ya Heian Nidan (siyo kata ya diwani, bali ule mfululizo wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake). Ina hatua 26, na mimi nikifika kwenye teke la ubavuni, mguu ninaousimamia hutetemeka. Ni aibu kwa mtu anayesimama usiku kucha juu ya mtumbwi.

Chanzo kimojawapo nakijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo siku za giza huwa niko ziwani na mchana nimelala. Mazoezi nayapata mbalamwezi inapokuwa kali na mitumbwi imepumzika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilifanya mazoezi karibu kila siku hata mwalimu akakiri kwamba nimebadilika, lakini ziwa lilipofunguliwa nikarudi nilikokuwa. Pamoja na hayo, nimejiandikisha kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na vitabu vimelala juu ya kabati. Je, mtu ambaye kazi yake inafuata mwezi wa angani anawezaje kudumu katika jambo? Au niache kimoja?

Mzee wa Ujiji

Kijana wangu, nimevaa gi, yaani vazi la karate, kwa zaidi ya miaka 20, na nimeona wengi waliokuwa na nafasi ya kila siku wakaacha kabla yako. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate kutoka Okinawa hadi Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule ambaye mchana alifundisha na usiku akaenda kujifunza uani kwa mwalimu wake, akirudia kata ileile hadi aruhusiwe kuendelea. Kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka kumi. Wakati huo hapakuwa na mkanda wa kumwonyesha jirani. Dan za kwanza, yaani ngazi za mkanda mweusi, yeye mwenyewe alizitoa mwaka 1924, kwa kuufuata utaratibu wa judo ya Jigoro Kano. Basi huko kuanguka mara mbili kusikuondolee usingizi.

Kuhusu mguu, mara nyingi mtetemo huo huja kwa sababu mtu ananyoosha goti la mguu wa chini na kuinua kisigino ili teke lipande juu zaidi. Kunja goti hilo kidogo, bandika kisigino chini, inua goti la mguu unaopiga hadi unyayo ufike usawa wa goti la pili, kisha urushe teke na kulirudisha haraka. Siku za giza usijaribu kata nzima, kwa maana utaifanya kwa uchovu na kuuzoeza mwili makosa. Kabla ya kushuka mwaloni, shika ukuta na ufanye teke hilo moja polepole, mara kumi kila upande. Kata nzima ingojee mbalamwezi.

Mama wa Katonga

Shikamoo mzee wangu. Naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu sisi wa biashara tunajua kwamba kuna kuvumilia na kuna kung'ang'ania. Mimi niliwahi kuanika dagaa, kuuza mawese na kusoma darasa la jioni la uhasibu kwa wakati mmoja; masika yalipokuja dagaa wakaniozea kwa kukosa jua, na darasani nikawa nasinzia. Niliacha mawese kwa mwaka mzima, nikamaliza darasa, kisha nikayarudia. Hakuna aliyenidai.

Mdogo wangu, mtihani wa kidato cha nne una tarehe yake, nao ni mwezi Novemba, ilhali mkanda hauna tarehe. Mwombe mwalimu wako akuache bila kupimwa hadi Hisabati iishe. Hilo teke la ukutani la mzee linaweza kuendelea, maana halili muda.

Mwalimu wa Hisabati, Tabora

Sijawahi kuvua, kwa hiyo nisahihishwe nikikosea. Nasikia taa zikishawashwa, wavuvi hukaa kwa muda mrefu wakisubiri dagaa wakusanyike. Je, muda huo hautoshi swali moja la aljebra? Usibebe kitabu, nakili swali kwenye karatasi, na ukilishindwa, rudi nalo nchi kavu ulione tena mchana. Maswali 15 katika giza moja si haba.

Mvuvi wa Kibirizi

Shikamooni wazee wangu, na nakushukuru sana dada wa Katonga. Mwalimu wa Tabora, inawezekana, ila karatasi hulowa na nahodha wetu hapendi mtu ainamishe kichwa. Nimemweleza, akasema nisome hadi atakapoita wavu. Mwalimu wa karate naye amekubali nisipimwe hadi Desemba. Leo giza linaanza. Nimekata mfuko wa nailoni wa kufunikia maswali matano, na mateke kumi ya ukutani nimeshayapiga. Mguu wa kushoto bado unatetemeka.