Halmashauri ya Jiji la Fitzroy, Melbourne: ilianza lini hasa, ilifutwaje, na kumbukumbu zake nazipata vipi nikiwa Dar?

Mpangamiji_Ilala
Wakuu, salaam. Naandaa andiko la kulinganisha halmashauri zilizofutwa. Kwa upande wetu ninayo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyovunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kwa upande wa Australia nimechukua Fitzroy, jimbo la Victoria. Nimekwama sehemu tatu. Kwanza, baadhi ya maandiko yanasema ilianza 1858, mengine 1878. Pili, eneo lenyewe halifiki kilomita za mraba 4, sasa lilipataje hadhi ya jiji? Tatu, baada ya kufutwa 1994, kumbukumbu zilikwenda wapi?

Masijala
Miaka yote miwili ni sahihi, ila kila mmoja unataja jambo lake. Fitzroy ilikuwa kata ya Jiji la Melbourne, na Septemba 1858 ikajitenga ikawa manispaa. Mwaka 1863 sheria mpya ikaigeuza kuwa daraja linaloitwa *borough*, 1870 ikawa mji, 1878 ikawa jiji. Chombo ni kilekile, kinachobadilika ni daraja tu. Kwa hiyo andika "halmashauri 1858–1994" na "jiji 1878–1994", usiyachanganye.

Kuhusu udogo: sheria ya Victoria ya enzi hizo haikuangalia ukubwa wa eneo. Iliangalia mapato. Ukifikisha pauni 10,000 kwa mwaka uliweza kuomba kuwa mji, ukifikisha pauni 20,000 uliweza kuomba kuwa jiji. Fitzroy ilikuwa imebanana nyumba, maduka na viwanda, na kodi ilitozwa kwa makadirio ya pango la mwaka la kila jengo. Chukua mfano wa nyumba iliyokadiriwa pauni 30 kwa mwaka: kiwango kikiwa shilingi 1 kwa kila pauni, mwenye nyumba analipa shilingi 30, yaani pauni 1 na shilingi 10. Zidisha kwa maelfu ya majengo yaliyogusana kuta, utaona fedha ilitoka wapi. Ndiyo maana Collingwood (1876) na Richmond (1882), majirani zake wadogo vilevile, nazo zikawa majiji.

Msongamano huo una chanzo chake, na usikose kukitaja. Serikali iliuza ardhi ya pale 1839 kwa mafungu makubwa, kila mnunuzi akakata viwanja kivyake, akachora vichochoro vyake bila kumwangalia jirani. Tena sheria ya ujenzi ya Melbourne ya 1849 haikuihusu Fitzroy. Matokeo yake mitaa haikukutana sawasawa, ikabidi itungwe sheria maalumu 1854 ya kuirekebisha. Anayeijua Manzese hahitaji maelezo zaidi.

Dada_Ramani
Naongezea hapo kwa Masijala. Tarehe ya kufutwa ni 22 Juni 1994, lakini ukiishia kwenye tarehe utapotosha. Madaraka yalikuwa yameanza kumegwa zamani. Bodi ya maji na majitaka ya Melbourne ilianza kazi 1891, na hiyo ilikuwa chombo cha jimbo. Kisha Tume ya Nyumba ya jimbo, iliyoanzishwa 1938, ilibomoa vitongoji vilivyohesabiwa kuwa duni na kusimamisha maghorofa. Yale manne ya Atherton Gardens, kila moja ghorofa 20, yako katikati ya Fitzroy mpaka leo. Mwaka 1977 Fitzroy na Collingwood zilipinga barabara kuu ya mashariki isimwage magari kwenye mtaa wa Alexandra Parade, watu wakaweka vizuizi barabarani, lakini barabara ikafunguliwa mwaka huohuo.

Kisheria, elewa hili: katiba ya shirikisho la Australia haizitaji kabisa serikali za mitaa. Kura za maoni za 1974 na 1988 za kuziingiza ziligonga mwamba. Kwetu zimo, ibara ya 145 na 146, na bado halmashauri zimevunjwa. Hapo ndipo penye uzito wa andiko lako, kwa maoni yangu, kuliko idadi ya miaka.

Serikali ya Jeff Kennett, waziri mkuu wa jimbo, ilipunguza halmashauri za Victoria kutoka 210 hadi 78. Fitzroy, Collingwood na Richmond ziliunganishwa kuwa Jiji la Yarra, pamoja na Carlton North na Princes Hill zilizotoka Melbourne na kipande kilichotoka Northcote. Madiwani waliondolewa, wakaja makamishna wa kuteuliwa hadi uchaguzi wa 1996. Linganisha na Tume ya Jiji hapa Dar chini ya Charles Keenja, 1996 hadi 2000. Makamishna wa Yarra waliamriwa kushusha kodi kwa asilimia 20 na kuzitangazia zabuni huduma za halmashauri. Mwishoni mwa 1994 walifunga bwawa la kuogelea la Fitzroy, wakazi wakalikalia, likafunguliwa tena.

Mpangamiji_Ilala
Asanteni sana. Na kumbukumbu?

Masijala
Ziko Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Victoria, North Melbourne. Kwenye katalogi yao usitafute jina la mtaa, tafuta halmashauri. Namba ya taasisi huanza na VA, na ndani yake utaona mifululizo inayoanza na VPRS: mihtasari ya vikao, barua, daftari za kodi. Daftari za kodi zimepangwa kwa kata, na mara nyingi kwa mwendo wa mkadiriaji aliyepita nyumba kwa nyumba, si kwa alfabeti. Kila mstari una mkaaji, mwenye jengo, matofali au mbao, na thamani. Usifuate namba ya nyumba peke yake, maana zilipangwa upya mwishoni mwa karne ya 19. Shika majina ya majirani wawili watatu na pembe ya mtaa, ndipo hutapotea.

Ukiwa Dar anza na Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani, ni bure. Gazeti la Fitzroy City Press limo, kuanzia 1881. Kompyuta iliyosoma kurasa hukosea herufi, "y" huwa "v", kwa hiyo tafuta pia kwa jina la mtaa na mwaka. Gazeti la Serikali la Victoria nalo liko mtandaoni, humo utakuta matangazo ya kupandishwa daraja. Kwa nyumba mojamoja, ramani za ile bodi ya majitaka zilizoko Maktaba ya Jimbo zinaonyesha hadi choo cha uani, kwa kipimo cha futi 40 kwa inchi 1.

Takwimu_Temeke
Tahadhari moja kwenye sensa. Ya 1991 ndiyo ya mwisho yenye Fitzroy kama halmashauri. Kuanzia 1996 utakuta Yarra imegawanywa Kaskazini na Richmond, na hiyo Kaskazini inabeba Fitzroy na Collingwood pamoja. Ukizilinganisha moja kwa moja utadhani watu wameongezeka ghafla. Tumia takwimu za ngazi ya kitongoji, jumlisha Fitzroy na Fitzroy North, kisha hakiki mipaka kwenye ramani ya mwaka husika.