Ndege wangu wa ronghua anatoka kama brashi ya kuoshea chupa, nisaidieni

MtangaUghaibuni
Wakuu, habari za wikendi. Niko Nanjing, China, kimasomo, na miezi mitatu sasa nimetekwa na ronghua, yale maua ya hariri na waya ya huku. Jina lenyewe likitamkwa linafanana na neno lao la utukufu na utajiri, ndiyo maana zamani mabibi harusi waliyachomeka kichwani. Dada yangu anaolewa Desemba, nikasema nimtengenezee pini ya nywele yenye ndege wa xique. Ni mweusi, tumbo jeupe, mkia mrefu, na kwa Wachina ndiye mleta habari njema.

Maua madogo nayaweza. Ndege amenishinda. Mwili unavimba sawasawa kuanzia shingoni hadi mkiani, kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Mabawa niliyabana kwa pasi ya nywele, moja likayeyuka na kugandia. Nikimpitishia kidole, nyuzi zinatoka. Waya ni wa shaba, na nyuzi nilinunua mtandaoni. Muuzaji aliandika hariri. Nimeshaharibu wanne. Picha ya wa nne naona aibu kuiweka.

Kisu_Butu
Nimemgugo huyo xique. Huyo ni ukoo wa kunguru! Dada anaolewa Tanga halafu unampelekea kunguru akae kichwani? Wakwe watasemaje?

MtangaUghaibuni
Hahaha, maelezo nimeshayaandaa. Nisaidieni kwanza apatikane huyo kunguru.

FundiPindo
Niliishi mji wa Yangzhou, hukohuko China, miaka miwili, kazi hii ipo kule pia, na jirani yangu aliniruhusu nikae pembeni nitazame.

Mdogo wangu, umepigwa. Hariri haiyeyuki. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kidoleni. Zikijikunja zikawa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki.

Kutoka kwa nyuzi ni suala la waya. Uliuchoma kwanza? Wenyewe huupitisha kwenye moto wa mkaa ukalainika, ndipo wanautumia. Waya mgumu unasokoteka kidogo tu kisha unarudi, hauibani hariri. Tumia mwembamba, kama milimita 0.2. Tandaza hariri, ichane kwa brashi hadi ilale sawa, ibane kati ya nyaya mbili, sokota ncha, kata. Halafu viringisha ncha ya waya kati ya vibao viwili mpaka nyuzi zisimame pande zote. Wengi huacha mapema kwa sababu kwa macho umeshakuwa duara. Endelea kidogo.

Sasa hiyo brashi ya chupa. Nadhani ulikunja kijiti hicho cha nyuzi ukategemea umbo lije lenyewe. Umbo la ndege linatoka kwenye mkasi, kabla hujaunganisha chochote. Shika waya mkono wa kushoto, uzungushe taratibu, mkasi wa kulia ukipunguza nyuzi: kifua ukiache kinene, kuelekea mkiani unyoe hadi uwe mwembamba kama mbegu ya tende. Kichwa kitengeneze peke yake, kiduara kidogo. Jirani yangu alikuwa akinyoa huku anaangalia televisheni, mimi nilikata kidole.

Rangi usipake. Wakati wa kutandaza, panga hariri nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyeusi tena kwa mfuatano wa waya. Kifua cheusi na tumbo jeupe vitajipanga vyenyewe, na mgongo utafunikwa na mabawa.

BiMkunazini
Mimi napinga kidogo: si lazima hariri. Vile vijiti vya manyoya vya watoto wa chekechea vinafanya kazi hiyohiyo, na huko China wanaojifunza wengi wanaanzia hapo, hasa tangu ile tamthilia yao ya kasri ya mwaka 2018, Story of Yanxi Palace, iliyowapandisha watu mzuka wa ronghua. Pasi iwe ya moto mdogo, weka karatasi katikati, bana sekunde mbili uachie. Bawa usilifanye kipande kimoja. Kata manyoya madogo sita au saba, yachonge ncha, yabane bapa, yapange kama vigae, ufunge kwa uzi wa hariri.

FundiPindo
Kwa mazoezi sawa, dada. Kwa harusi hapana. Mng'ao wa hariri plastiki haina, na xique bila mng'ao ni kunguru kweli. Changanya nyuzi chache za bluu kwenye bawa. Mkiani, manyoya ya katikati yawe marefu kuliko ya pembeni.

Kisu_Butu
Na atafikaje Tanga mzima? Begi la ndege yenyewe litamkalia huyo ndege.

BiMkunazini
Boksi gumu, sponji chini, pini ichomekwe kwenye sponji asiguse ukuta. Akifika amelala manyoya, mshike mbali kidogo na mvuke wa birika, atainuka.

MtangaUghaibuni
Mrejesho. Nimewasha nyuzi: kidonge kigumu. Muuzaji hapokei ujumbe. Nimepata hariri ya kweli dukani, bei imeniuma. Waya nimeuchoma kwenye jiko la gesi la bweni, mwenzangu akadhani naunguza chakula.

Ndege wa tano ana kifua na tumbo jeupe mahali pake, na nyuzi hazitoki. Kichwa nimekiacha kikubwa, na shanga za macho nimeziweka mbele mno, kwa hiyo anatazama kama aliyeulizwa deni. Nakata kichwa kingine usiku huu.