Naomba ushauri: nafanyiwa upasuaji, binti yangu mwenye mtindio wa ubongo akae wapi wiki sita?

Mama wa Kigamboni

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina binti wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hawezi kukaa bila kiti chake, hatembei, hasemi, lakini anasikia kila kitu na kicheko chake kinajulikana mtaa mzima. Ana kilo 22. Tangu azaliwe sijawahi kulala mbali naye hata usiku mmoja.

Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi. Daktari kaniambia wazi, wiki sita nisiinue kitu kizito. Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema mtoto wa kilo 22 ni mzigo mzito kuliko ndoo ya maji, nisimguse. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje muda mrefu, miguu haitaki kuondoka.

Mume wangu ni dereva wa lori la Lubumbashi, safari moja inaweza kula wiki tatu akikwama mpakani. Mama mkwe yuko Muheza, anampenda mjukuu wake, ila magoti hayamruhusu hata kuchuchumaa. Mdogo wangu yuko Morogoro na yuko tayari, lakini anaogopa degedege. Mara ya mwisho alipoliona alikimbia nje kuita majirani. Dada wa kazi ana miezi miwili tu hapa kwangu.

Nimepata kituo mkoa wa jirani. Laki tatu kwa mwezi, pasafi, pana uwanja. Masharti yao ni mtoto akae si chini ya miezi mitatu, nilipe yote mbele, na nisiende kumwona wiki mbili za mwanzo "ili azoee". Roho inasita, ila sioni njia nyingine. Kuna aliyewahi kumpeleka mtoto mahali kwa muda mfupi kisha akamrudisha nyumbani? Mlipangaje?

Bibi wa Korogwe

Pole mwanangu, Mungu akuvushe salama. Mimi ni mtu mzima, nitasema ninavyoona. Mtoto wa namna hii hatolewi nyumbani kwenda kwa watu asiowajua. Ndugu wapo. Mpeleke Muheza kwa bibi yake, majirani watasaidia kumnyanyua. Kituo mimi naona ni kumtupa.

Mama wa Mbagala

Shikamoo bibi. Naomba nikujibu kwa heshima zote, maana hayo maneno niliambiwa na mimi nikayafuata.

Nina mtoto kama wako, na nilipojifungua mdogo wake kwa upasuaji nilikataa kumwacha kwa mtu. Siku ya tisa nikamnyanyua kumtoa bafuni, mshono ukaachia. Nikarudishwa wodini kwa haraka, yeye akabaki kwa jirani mwenye nia njema ambaye hajui kumlisha. Alimlisha amelala chali. Akapaliwa, chakula kikaingia mapafuni, baada ya siku nne na yeye yuko wodini na nimonia. Kwa hiyo kumwachia mtu ilibidi nimwachie tu, tofauti ni kwamba mtu mwenyewe hakuwa ameandaliwa.

Dada wa Kigamboni, hicho kituo achana nacho. Nami nilishampeleka mwanangu mahali fulani penye sharti hilohilo la kutokuja. Nilipoenda kumchukua alikuwa na kidonda juu ya makalio, ukubwa wa kifuniko cha soda, wamekifunika kwa poda. Watoto wetu hawa hawasemi. Macho yako ndiyo mdomo wao. Mahali panapokukataza kuja kumtazama mtoto asiyeweza kusema, usimpeleke, hata pawe pasafi namna gani.

Mahali pa kulaza watoto panatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, hiyo ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Omba kuiona. Kisha nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kilipo kituo, umuulize mara ya mwisho walikikagua lini. Uliza usiku wanabaki walezi wangapi kwa watoto wangapi. Uliza nani anamwogesha, na kama kuna mtu mzima wa pili karibu wakati huo. Fika saa ambayo hawakutarajii, hasa saa ya kulisha. Ukiona watoto sita wanalishwa na mtu mmoja kwa sahani moja, umeshapata jibu. Na ukihisi mtoto yeyote anaumizwa, piga 116, ni bure.

Nesi mstaafu, Moshi

Mama, mwezi mmoja unatosha kuandaa ukianza leo. Nimefanya kazi na watoto hawa miaka mingi, nikuambie ninachoamini: mtoto huyu hapelekwi kwa mlezi, mlezi ndiye anayeletwa kwa mtoto kwanza. Mdogo wako aje akae hapo kwako siku mbili tatu, akuone unavyofanya. Safari ya pili afanye yeye, wewe ukae kwenye kiti mikono mapajani. Hapo ndipo utakapotamani kumnyang'anya kijiko. Usimnyang'anye. Kisha toka nyumbani saa moja. Siku nyingine toka mchana mzima. Kisha ulale kwa jirani usiku mmoja, simu iko wazi. Usiku wake wa kwanza bila wewe usije ukawa ndio usiku wako wa kwanza hospitali.

Nunua daftari la jalada gumu. Usiandike "anakula uji". Andika uji uwe mzito kiasi gani, kijiko kipi, kichwa kikae sawa na kidevu kiinamie kifuani kidogo, asilishwe kichwa kikiwa nyuma, na akimaliza abaki amekaa wima nusu saa. Andika analia vipi akiwa na njaa na analia vipi tumbo likiwa limefunga. Piga picha za simu: namna anavyokaa kwenye kiti, mito inakaa wapi akilala ubavu. Kama hawezi kujigeuza usiku, andika saa za kumgeuza, kila baada ya saa mbili, na mlezi akague nyonga, kisigino na mgongo wa chini kila anapomwogesha. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko pembeni na rangi haiondoki, asilalie upande huo.

Dawa ya kifafa isikatishwe hata siku moja, maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisiloisha. Weka ya siku zote atakazokaa na ya wiki moja zaidi, pamoja na nakala ya cheti cha daktari na kadi ya bima kama anayo.

Kuhusu woga wa mdogo wako, usimtanie. Mtu hukimbia kwa sababu hana la kufanya. Mpe la kufanya. Degedege likianza, kitu cha kwanza ni kutazama saa. Cha pili, amlaze ubavu na kuondoa vitu vigumu karibu. Asimshike kwa nguvu, asimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, asimmwagie maji. Likipita dakika tano, au likija la pili kabla hajazinduka, hospitali moja kwa moja. Likiisha, amwache alale, akae karibu naye.

Na kumnyanyua wasifanye mmoja. Watu wawili, shuka nene chini yake, wakunje magoti. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki yenu atawaonyesha kwa dakika kumi, nenda nao wote wawili, mdogo wako na dada wa kazi.

Mama Kisauni

Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa. Kwetu mahali pa kumweka mtoto kwa wiki mbili tatu kisha ukamchukua hatukupaona, tukajitengenezea wenyewe. Tulikuwa akina mama saba tukikutana kliniki ya mazoezi, sasa tumebaki watano. Kila mwezi mmoja wetu anapumzika Ijumaa jioni hadi Jumapili, mwanawe analala kwa mwenziwe. Hatulipani. Unaleta chakula chake, pampasi na dawa, basi. Serikali hutoa Sh2,000 za Kenya kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa aliyeandikishwa, na hizo pampasi hata hazifiki nusu ya mwezi, sembuse kumlipa mlezi.

Nikwambie kilichotusaidia. Mama mwenye mtoto kama wako haogopi mate, haogopi degedege, hashangai mtoto akilia saa nzima. Ametulia. Wangu mara ya kwanza alipolala kwa mwenzangu nilipiga simu mara kumi na moja usiku mmoja, hadi mumewe akapokea akanambia, mama, mtoto amelala, nawe lala. Niliamka saa tatu asubuhi. Sikuwa najua mwili wangu waweza kulala hivyo.

Ila tulikubaliana mambo mawili toka mwanzo, na mmoja wetu alijitoa kwa sababu ya hayo. Hakuna mgeni wa kiume kulala nyumba ile siku ile. Na mwenye mtoto aweza kuja saa yoyote bila kubisha hodi kwa simu.

Baba wa Reading

Niko Uingereza, mwanangu ana usonji, miaka 12. Huku ni haki ya mzazi kuomba tathmini halmashauri, na mapumziko ya mlezi yamo kwenye Sheria ya Watoto ya 1989. Tangu 2011 kila halmashauri inatakiwa kutangaza huduma hizo. Msidhani lakini kwamba ni rahisi, tulisubiri karibu mwaka mzima. Ninachotaka kusema ni kwamba nesi kasema sawasawa. Familia iliyopangiwa kumpokea mwanangu ilianza kwa kuja kunywa chai kwetu. Kisha yeye akaenda kwao mchana. Usiku wa kwanza ulikuja baada ya miezi miwili, na alikwenda na shuka lake lisilofuliwa, lenye harufu ya nyumbani. Mtoto asiyesema hiyo harufu inamwambia mengi. Mpe hata khanga yako uliyoivaa.

Bibi wa Korogwe

Nimesoma yote. Mama wa Mbagala, habari ya kidonda imenitoa machozi. Mwanangu wa Kigamboni, nilikosea kusema kumtupa. Fanya kama wanavyokuelekeza.

Mama wa Kigamboni

Bibi, hukukosea, ulisema kwa mapenzi. Asanteni wote, nimesoma mara tatu na daftari nimenunua.

Kituo nimewapigia nikawaambia basi. Mume wangu amekubali kuacha safari moja, atakuwepo wiki ya upasuaji. Mdogo wangu amekuja na treni ya SGR Ijumaa mbili mfululizo. Mpango wetu sasa ni binti aende Morogoro wiki mbili za mwanzo, pamoja na dada wa kazi, ili kunyanyua wawe wawili. Kisha arudi nyumbani, na kwa kuwa mimi bado sitakuwa na ruhusa, mama mmoja wa kliniki yetu atampokea kwake Jumanne na Alhamisi mchana. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji ni zamu yangu, nami nitampokea wa kwake.

Juzi nilikwenda dukani kusudi, nikakaa kwenye kibaraza cha jirani kama nesi alivyosema. Niliporudi mdogo wangu alikuwa sakafuni pembeni ya mtoto, mkono uko mgongoni kwake, mtoto amelala ubavu anakoroma. Hakuniita. Kwenye daftari ameandika kwa mwandiko uliopinda: "Saa 10:20 jioni. Dakika 2 na sekunde 10. Nimemlaza ubavu wa kushoto. Nimetetemeka lakini nimebaki."

Linalonisumbua sasa ni kiti. Chake cha mbao ni kizito, hakibebeki mpaka Morogoro, na bila kiti hawezi kulishwa vizuri. Kuna mwenye cha ziada wa kuniazima wiki mbili?

Mama wa Mbagala

Ninacho. Mwanangu kilishambana, kiko stoo tangu mwaka jana. Kati ya mikono ni sentimita 32, sehemu ya kuegemeza kichwa inasogea, mkanda mmoja wa kifuani umekatika lakini fundi viatu ataushona. Mpime nyonga kwanza unitumie. Kama kinamtosha njoo na bajaji Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, na umlete mdogo wako nimwonyeshe jinsi ya kukikunja.