Karatasi za kemikali kazini: ziandikwe kwa Kiswahili kwa lazima?

Mwanzilishi wa mada, Naivasha
Ndugu zangu, nimekata maua huku miaka sita. Grinihausi ikishapigwa dawa, mlangoni hutundikwa kibao chenye fuvu na saa ya kuruhusiwa kuingia. Hicho nakielewa. Lakini karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe, ile ya sehemu 16, imo kwenye faili ofisini na yote ni Kiingereza.

Mwaka jana kibao kilianguka, mwenzetu akaingia mapema. Mate yakamtoka, machozi yakamtiririka, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Supavaiza akasema ni mafua. Huduma ya kwanza imeelezwa sehemu ya 4 ya karatasi hiyo, na kati yetu hakuna aliyeweza kuisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi sheria iwalazimishe waajiri.

Afisa wa usalama, Nakuru mjini
Pole sana kwa mwenzenu. Hata hivyo napinga. Niliwahi kupewa karatasi iliyotafsiriwa, imeandikwa "kemikali babuzi". Nikawauliza vibarua maana yake, wakanitazama tu. Niliposema "inachoma ngozi, inatoboa nguo", wote wakaelewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari inamtaka mwajiri atoe maelezo na mafunzo. Tumbane hapo: watu wafundishwe kwa mdomo, waonyeshwe na zile alama zenye ukingo mwekundu, kama ile ya matone yanayokula mkono.

Msafishaji, Kisumu
Nyote mnazungumzia karatasi. Kwetu dawa huja na mtungi wa lita 20, kisha tunamiminiwa kwenye chupa za soda. Lebo inabaki stoo! Asubuhi moja nilimwaga jiki chooni, nikaongeza ya chupa nyingine nikidhani ni sabuni. Ilikuwa asidi. Hewa ilinikaba koo, nikatoka nikitambaa. Baadaye ndipo nikaambiwa jiki na asidi hutoa gesi ya klorini. Kabla ya kutafsiri chochote, kila chupa iandikwe jina la kilichomo na kisichopaswa kuchanganywa nacho.

Mwanzilishi wa mada
Dada wa Kisumu, hilo la chupa nalikubali lote, liingie kwenye sheria hiyohiyo. Nawe afisa, hoja yako ya "babuzi" ni ya kweli, kwa hiyo karatasi iandikwe hivyo ulivyowaeleza vibarua: inachoma ngozi. Ila mafunzo ya mdomo kwetu hutolewa siku ya kuajiriwa. Vibarua wa msimu wa Valentine huja wakati ambao hakuna anayesimama kufundisha, na siku ya ajali aliyefunzwa huenda yuko zamu nyingine. Nijibu hili tu: kazini kwako, saa nane usiku mtu akimwagikiwa, ufunguo wa ofisi yenye hilo faili anao nani?