Tupeane uzoefu: kuondoa kwenye orodha moja vitu vilivyomo kwenye orodha nyingine

Wakuu habari za leo. Uzi huu ni wetu tunaoandika programu. Una orodha A na orodha B, unataka A ibaki bila vilivyomo B. Kwangu ilikuwa orodha ya wazazi wa kukumbushwa ada kwa SMS, nikitakiwa kuwatoa waliokwishalipa. Hakuna mzazi anayefurahi kudaiwa alichokwishalipa. Kwenye Python natumia hivi:

tayari = set(waliolipa)
baki = [n for n in wote if n not in tayari]

Hiyo set (mkusanyiko wa Python unaotafuta kitu moja kwa moja bila kupitia vyote) msiiache. Bila hiyo, kila namba ya simu inatafutwa kuanzia mwanzo wa orodha ya pili. Namba 50,000 dhidi ya 20,000 ni ulinganisho unaoweza kufika bilioni 1. Leteni yenu.

Mdau wa Mwanza:
Nakubaliana na wewe mkuu, ila kazi kubwa iko kwenye namba zenyewe. Mfumo wa malipo unatoa inayoanza 255, daftari la ofisini lina 07, na Excel ikiichukulia kuwa tarakimu inadondosha sifuri ya mbele. Mzazi ni mmoja, kompyuta inaona watatu. Mimi naondoa nafasi na vistari, kisha nachukua tarakimu 9 za mwisho pande zote mbili. Ukisoma faili kwa pandas (maktaba ya Python ya majedwali) weka dtype=str ili namba zisomwe kama maandishi, maana safu wima yenye kisanduku kitupu hugeuza namba kuwa desimali, mwishoni inaota ".0" na hizo tarakimu 9 zinaharibika.

Mdau wa Arusha:
Vijana ninaowafundisha wengi huanza hivi:

for x in A:
    if x in B: A.remove(x)

Jaribuni A = [1, 2, 2, 3] na B = [2]. Inabaki [1, 2, 3]. Ukitoa kitu, vinavyofuata vinasogea nyuma huku lupu ikienda mbele, kwa hiyo kimoja kinarukwa. Na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa! Ndiyo maana nawasisitizia watengeneze orodha mpya.

Mdau wa Mombasa:
Kwa SQL (lugha ya hifadhidata) angalieni NOT IN. Orodha ya ndani ikiwa na NULL (thamani isiyojazwa) hata moja, hupati mstari wowote. NOT EXISTS haina shida hiyo.

Mdau wa Dodoma:
Wenye stoo je? Soda 5, zimeuzwa 2: kwa njia ya set zote 5 zinaondoka. Hapo ni Counter(A) - Counter(B) ya Python, inahesabu kila kitu kipo mara ngapi na inapunguza kwa idadi.

Mleta uzi:
Asanteni sana, hiyo ya dtype=str naiweka leo hii. Sasa nani amewahi kulinganisha kwa majina pale ambapo namba hazipo? Ally na Ali, Mohamed na Muhammad, mwingine kaanza na jina la baba. Mlifanyaje?