Naomba ushauri: Durham au Northumbria?

Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili vyuo viwili Uingereza, na miji yenyewe iko jirani, robo saa tu kwa treni.

Durham ni chuo cha mwaka 1832, kimo kwenye lile kundi la vyuo 24 vya Uingereza vinavyosifika kwa utafiti, linaloitwa Russell Group. Huko kila mwanafunzi ana koleji yake, yaani jumuiya ya wanafunzi ndani ya chuo yenye mabweni na bwalo lake, na kwenye baadhi ya koleji watu huvaa joho kwenye baadhi ya karamu za chakula cha jioni. (Mimi joho nimelivaa siku ya mahafali tu, tena la kukodi.) Northumbria ya Newcastle ilikuwa politekniki, ikawa chuo kikuu 1992. Ada yake ni nafuu, mji mkubwa, na kibarua cha yale masaa 20 kwa wiki ambayo viza ya mwanafunzi inaruhusu wakati wa masomo naona kitapatikana kirahisi.

Mjomba, ndiye mlipaji, ameng'ang'ania "jina". TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanatambua vyote viwili, sasa hilo jina waajiri wa Dar wanaliangalia kweli? Na mliosoma Durham, mtu wa miaka 34 asiyekunywa pombe anapata wenzake koleji, au ataishia chumbani na ugali wake?